Daraja la Westminster na mto uliolizamisha: jibu kwa kijana wa Pangani

"Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, kwa sasa nasoma ufundi hapa Tanga mjini. Baba yangu ni mvushaji. Tangu ujana wake anavusha watu kwa mashua kutoka Pangani kwenda Bweni, hasa pantoni ikiharibika. Tangu lianze suala la daraja la Mto Pangani, nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Juzi kwenye taarifa ya habari nililiona lile daraja la London lililo ubavuni mwa Bunge, penye saa kubwa, nikajiuliza: wao nao walikuwa na wavushaji? Walikwenda wapi? Na daraja lile ni lile lile la tangu mwanzo? Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba rangi yake ya kijani ni rangi ya Bunge. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la rangi, kwa kuwa ni jepesi na mwenzako amepatia. Viti vya Baraza la Makabwela, yaani wale wabunge wanaochaguliwa na wananchi, vimevikwa ngozi ya kijani, na ukumbi wao uko upande wa jengo ulio karibu na Daraja la Westminster. Ukipanda na mto kidogo unakuta Daraja la Lambeth, nalo limepakwa nyekundu, kwa kuwa viti vya Baraza la Malodi, yaani wale wasiochaguliwa na wananchi, ni vyekundu na ukumbi wao uko upande huo. Basi jengo moja la serikali limekaa kati ya madaraja mawili, kila moja limevaa sare ya jirani yake.

Sasa hilo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikae nikuandikie kirefu. Daraja uliloliona kwenye televisheni si la kwanza. Hilo lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1862, siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Kabla yake palikuwa na daraja jingine la mawe lililofunguliwa tarehe 18 Novemba 1750, na halikudumu hata miaka mia na ishirini. Kwa daraja la mawe huo ni umri mdogo sana. Wala halikupigwa na meli wala kuteketea kwa moto. Lilizama, taratibu, nguzo baada ya nguzo, na chanzo kikubwa cha kuzama kwake ni kazi iliyofanywa kwenye daraja jingine kabisa, zaidi ya kilomita tatu chini ya mto. Nimefanya kazi ya madaraja maisha yangu yote na sijaona mfano unaoeleza vizuri kuliko huo jinsi maji yanavyofanya kazi.

Lakini tuanze na wavushaji.

Kwa karne nyingi London ilikuwa na daraja moja tu, lile liitwalo London Bridge, mbali upande wa mashariki penye wafanyabiashara. Westminster, penye Bunge, mahakama na ofisi za hazina, palikuwa kama mji mwingine. Mbunge au wakili aliyetaka kwenda ng'ambo alikuwa na njia mbili: azunguke kwa gari la farasi kupitia London Bridge, kwenye msongamano wa maduka na nyumba zilizojengwa juu ya daraja lenyewe, au ashuke ngazi za mto aite mvushaji. Ni kama sisi: aliyeko Pangani akitaka kwenda Bweni bila kuvuka maji itabidi azunguke njia ndefu ya bara. Kwa farasi na magari palikuwa na pantoni ya mbao upande wa Lambeth, na mwenye haki ya pantoni hiyo alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye makazi yake yako ng'ambo ya pili ya mto. Mpaka leo barabara iliyokuwa ikishuka kwenye kivuko hicho inaitwa Horseferry Road, yaani barabara ya pantoni ya farasi.

Wavushaji wa London hawakuwa watu wa kubahatisha. Sheria ya mwaka 1514 iliwapangia nauli, na ya mwaka 1555 iliwaundia chama chao, chenye utaratibu wa kufunza vijana kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Kwa hiyo walipopinga daraja, walipinga kwa sauti moja. Mwaka 1664 wazo la daraja la Westminster lilipotolewa, wao pamoja na wakubwa wa jiji la kale la London walilizima. Jiji lilikuwa na sababu yake: ndilo lililomiliki London Bridge, na kila mkokoteni uliopita pale ulipita pia mbele ya maduka yao. Mwaka 1722 wazo likarudi, likazimwa tena. Mwaka 1729 daraja la mbao likajengwa Putney, mbali kidogo juu ya mto, na baada ya hapo ukuta wa upinzani ukapata ufa. Sheria ya kujenga daraja la Westminster ikapita mwaka 1736.

Umeuliza walikwenda wapi. Fidia ililipwa. Askofu Mkuu alilipwa kwa kivuko chake, na chama cha wavushaji kililipwa kwa kivuko chao cha siku za Jumapili, ambacho mapato yake yalikuwa yakisaidia wazee na wajane wao. Tazama vizuri hapo, mwanangu, na umwambie baba yako: kilichofidiwa ni haki ya kivuko iliyokuwa imeandikwa na kutambuliwa. Yule aliyekuwa na mashua yake na mikono yake tu, akingoja abiria kwenye ngazi, aliendelea kungoja, na mwaka hadi mwaka abiria wakapungua kadiri madaraja yalivyozidi kujengwa. Chama chenyewe hakikufa. Kipo hadi leo, na kila mwaka wavushaji waliohitimu karibuni hushindana kupiga kasia kutoka London Bridge hadi Chelsea, mashindano yaliyoanza mwaka 1715, na njia yao inapita chini ya daraja hilo hilo uliloliona.

Fedha ya kujengea ilitafutwa kwanza kwa bahati nasibu. Watu hawakununua tiketi kama ilivyotarajiwa, na mwishowe Bunge likalazimika kutoa fedha za umma mara kwa mara mpaka kazi ikaisha. Sina haja ya kukaa sana hapo.

Mhandisi aliyepewa kazi alikuwa Charles Labelye, mzaliwa wa Uswisi, na wapo Waingereza waliomnung'unikia kwa ugeni wake. Shida aliyokabiliana nayo wewe mtoto wa Pangani utaielewa upesi kuliko mwanafunzi wa bara. Mto Thames pale Westminster ni wa maji ya kujaa na kupwa. Mara nne kwa siku mkondo unageuka, na siku hizi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 7. Hapa Tanga bamvua yetu ni mita 3 na ushei, na bado unajua jinsi inavyoweza kumburuta nahodha asiyeijua. Sasa jaribu kujenga nguzo ya mawe katikati ya mkondo wa namna ile, karne ya 18, bila pampu ya injini.

Labelye alitumia makasha. Aliunda kasha kubwa la mbao nzito, chini tambarare kama tishali, kuta zake ndefu. Wakachimba shimo kwenye kitanda cha mto mahali nguzo itakapokaa, wakasawazisha chini, wakalileta kasha likielea, wakalituliza juu ya shimo wakati wa kupwa. Ndani ya kasha waashi wakajenga nguzo ya mawe juu ya sakafu ya mbao. Nguzo ilipofika juu ya maji, kuta za kasha zikafunguliwa na kupelekwa kwenye nguzo nyingine. Sakafu ikabaki chini ya mawe daima. Palikuwa pia na mashine ya kushindilia nguzo za mbao, iliyoendeshwa na farasi wanaozunguka, iliyobuniwa na mtengeneza saa aitwaye James Vauloué. Mashine hiyo ilisifiwa sana.

Kasoro ni hii: nguzo za mawe zenyewe hazikuwekewa nguzo za kushindilia chini yake. Zilikaa juu ya changarawe, juu ya sakafu ile ya mbao, kama sufuria iliyowekwa juu ya mchanga. Labelye aliamini changarawe ile ni imara, na kwa mto aliokuwa akiutazama hakukosea sana. Hata hivyo dalili ilijitokeza mapema. Mwaka 1747, daraja likiwa karibu kukamilika, nguzo moja ikadidimia. Matao mawili yaliyoiegemea ikabidi yabomolewe na kujengwa upya, na ufunguzi ukachelewa mpaka Novemba 1750. Walirekebisha ile moja. Nyingine hawakuzigusa, na hapo ndipo mimi ningesimamisha kazi. Nasema hivyo nikiwa nimeketi hapa Raskazone miaka zaidi ya 250 baadaye, bila kamati ya wabunge kuniuliza kila wiki kwa nini daraja halijafunguliwa. Lakini nguzo moja ikididimia, usiulize ile moja tu ina nini. Uliza zote zimekalia nini.

Baada ya hapo daraja likafanya kazi yake kwa miongo kadhaa. Jiji la kale likaona wateja wanahama, likabomoa nyumba zilizokuwa juu ya London Bridge ili nalo lipitike vizuri. Na hilo London Bridge ndilo lililokuja kuwa mwisho wa mwenzake.

London Bridge la kale lilikamilika mwaka 1209. Lilikuwa na matao 19 membamba, na nguzo nene zilizozungushiwa mbao na mawe kiasi kwamba sehemu kubwa ya mto ilizibwa. Maji yakipwa, upande wa juu yalibaki yamezuiliwa, yakawa juu kuliko upande wa chini, na yalipita kwenye matao yakianguka kama maporomoko madogo. Wavushaji wengi walikufa wakijaribu kupita hapo. Lakini kizuizi hicho kilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeihesabu: upande wa juu, mpaka Westminster na kwingine, mkondo ulikuwa mpole. Maji yalitulia kiasi kwamba kwenye baridi kali mto uliganda, watu wakafungua soko juu ya barafu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1814. Labelye aliujengea mto huo uliotulizwa.

Mwaka 1831 London Bridge jipya lenye matao matano mapana likafunguliwa, la kale likabomolewa. Kizuizi kikaondoka. Maji ya kupwa yakaanza kushuka kwa kasi ambayo kitanda cha mto hakikuwa kimeiona kwa miaka 600. Yakaanza kuchimba. Changarawe iliyokuwa imeshikilia nguzo za Westminster ikabebwa kidogo kidogo, hasa kwenye miguu ya nguzo, kwa maana maji yanapogonga nguzo hujipinda kwenda chini na kufukua. Ukisimama pwani maji yakipwa kwenye vifundo, utahisi mchanga unatoka chini ya visigino. Hiyo ndiyo elimu nzima ya jambo hili. Iliyobaki ni hesabu tu.

Wahandisi walihangaika. Walizungushia nguzo kuta za kuzuia maji ili wazitie nguvu chini, wakapunguza uzito wa juu ya daraja, na bado likaendelea kudidimia na kula fedha.

Wakati huo huo jirani yake alikuwa amebadilika. Usiku wa 16 Oktoba 1834 Jumba la Bunge liliungua karibu lote. Chanzo chake kinasikitisha: vilikuwa vijiti vya hesabu vya hazina, mbao zilizochongwa alama za madeni kwa utaratibu wa zamani, vilivyochomwa kwa wingi kwenye tanuri chini ya ukumbi wa malodi. Jumba jipya likabuniwa na Charles Barry akisaidiwa na Augustus Pugin, nalo likasogezwa mpaka ndani ya mto kwa kujenga ukuta mrefu wa mawe. Hilo ndilo jengo unaloliona, lenye mnara wa saa. Kengele kubwa ya mnara huo, yenye uzito wa zaidi ya tani 13, ilisubiwa mwaka 1858 huko Whitechapel, kisha ikavutwa na farasi 16 waliopambwa kwa utepe, ikapitishwa London Bridge, ikazunguka upande wa kusini, na ikavuka kuingia Westminster juu ya daraja lile lile lililokuwa likididimia. Nikisoma habari hiyo najiuliza mhandisi aliyeutazama mzigo ule ukipita alilala vipi usiku uliotangulia.

Daraja jipya lilibuniwa na Thomas Page, na Barry akashauriwa kuhusu mapambo. Barry alitaka jambo moja hasa: daraja liwe chini. La kale lilikuwa limenyanyuka katikati kama nundu ya ng'ombe, likafunika uso wa jumba lake. Ndiyo maana la sasa limelala, matao saba mapana yaliyobanwa kama nusu yai, lenye urefu wa mita 250 hivi na upana wa mita 26. Matao ni ya chuma, si ya mawe, kwa hiyo uzito unaokalia nguzo ni mdogo zaidi. Na safari hii chini ya nguzo wakashindilia magogo ya mti uitwao elm mpaka kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi ulio chini ya changarawe, wakayazungushia nguzo na mabamba ya chuma cha kusubu, wakajaza zege katikati. Waliuacha ule mchanga wa juu uende utakako. Tangu 1862 mto umechimba ulichoweza, na daraja limesimama. Leo ndilo daraja la barabara lenye umri mkubwa kuliko yote yanayovuka Thames katikati ya London.

Lilijengwa kwa nusu. Upande mmoja ulikamilishwa kwanza na kuanza kutumika mwaka 1860, la kale likabomolewa, kisha nusu ya pili ikajengwa mahali palipobaki wazi. Pale Wami, tunapopita tukienda Dar es Salaam, nafasi ilikuwepo ya kujenga jipya pembeni na kuliacha la zamani lifanye kazi. Westminster hapakuwa na nafasi: upande huu Bunge, upande ule majengo.

Upande ule wa pili napo pakaja kuwa na serikali. Makao makuu ya halmashauri ya London, County Hall, yalifunguliwa mwaka 1922 kwenye mguu wa mashariki wa daraja, yakitazamana na Bunge. Halmashauri kuu ya jiji ilivunjwa mwaka 1986, na sasa jengo ni hoteli na mahali pa kutazamia samaki. Ukaribu huo na serikali una gharama yake: tarehe 22 Machi 2017 mtu mmoja aliwagonga watembea kwa miguu kwa gari juu ya daraja hilo akielekea Bungeni, watu wakafa, na baada ya hapo vikawekwa vizuizi vya kutenga njia ya miguu na magari.

Nirudi nyumbani. Nyinyi Pangani mnalo Boma lenu karibu na mto, ofisi ya serikali tangu enzi za Wajerumani, na kivuko karibu yake. Kwa hiyo picha uliyoiona London haikuwa ngeni kwako hata kama mawe yake ni mengine. Daraja lenu ni la mita 525, mara mbili na zaidi ya lile la Westminster, na nguzo za siku hizi hushindiliwa mbali chini kwa namna ambayo Labelye angeitamani. Kwa hilo sina hofu. Ninachokuomba ukiangalie wewe unayesoma ufundi ni mto wenyewe. Mto Pangani si ule wa babu zetu. Tangu miaka ya 1960 kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya Hale, na mwaka 1995 ikaongezeka ile mipya ya Pangani Falls. Mchanga unaokamatwa na mabwawa haufiki mdomoni. Maji ya bahari yanapanda mto mbali kuliko zamani, na wakulima wa minazi watakuonyesha yalipofika. Kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee walikijua kikiwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Yote hayo ni mchanga unaohama, na nguzo ya daraja inasimama ndani ya mchanga.

Kwa hiyo daraja la mto kama huo halikaguliwi kwa kutazama lami na vyuma vya pembeni peke yake. Kila baada ya mafuriko makubwa, na kila mwaka baada ya masika, inabidi kipimwe kina kwenye miguu ya nguzo, namba ziandikwe, zilinganishwe na za mwaka uliopita. Nusu mita iliyopotea kwenye mguu mmoja ni habari kubwa kuliko ufa wa lami unaopigwa picha na kila mtu.

Na hapa namrudia baba yako. Mtu aliyevuka maji yale maisha yake yote anajua mahali ambapo upondo uligusa chini na sasa haugusi, fungu lililokuwepo na likahama, upande ambao mkondo unauma bamvua ikiwa kubwa. Hayo hayajaandikwa popote. Mnunulie daftari gumu. Kaa naye jioni, mchore mto kuanzia Boma mpaka Bweni, aweke vilindi kwa pima kama anavyovijua yeye, na mwaka aliouona kila mmoja. Ukimaliza niletee hapa Tanga. Nitakufundisha kuvigeuza kuwa mita, kisha tutawapelekea wahandisi wa daraja daftari hilo likiwa na jina la baba yako juu ya ukurasa wa kwanza.